Watoto Wangu Hawakuwemo Kwenye Faili

Siku ya kwanza nilipopanda kizimbani, karani alisoma jina langu, umri wangu wa miaka 39, kazi yangu ya ushonaji na shtaka la wizi, na hakimu akaniuliza kama nimeyaelewa. Niliyaelewa. Kisha akauliza kama kuna jambo ninalotaka korti ilijue kuhusu dhamana, nami nikatikisa kichwa, kwa sababu aibu ilikuwa imenikaba na kwa sababu niliona kwamba kuwataja watoto mbele ya watu niliowaibia ni kujificha nyuma ya migongo yao. Dakika chache baadaye niliandikiwa rimandi ya wiki mbili. Nyumbani kulikuwa na watoto watatu, wa miaka 12, 8 na 4, waliokuwa wamelala peke yao usiku wa Ijumaa niliokamatwa, na katika karatasi zote zilizokuwa mezani pa hakimu hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema kwamba wapo.

Ninaandika haya kwa ajili ya mzazi au mlezi mwingine atakayesimama pale niliposimama, hasa yule anayelea peke yake. Yaliyonikuta mwanzoni hayakutokana na ukali wa sheria. Sheria ilikuwa na mlango, nami sikuujua, na hakuna mtu aliyekuwa na wajibu wa kunionyesha mlango huo kabla mimi mwenyewe sijafungua kinywa.

Ninaishi katika mji mmoja wa mpakani, mashariki mwa Uganda, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko, na watu huniita Fundi tu. Mke wangu alifariki mdogo wetu akiwa hajatimiza mwaka. Mtoto huyo ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi mtaani huuita sikoseli, na wanaoujua watanielewa nikisema kwamba kumlea si kazi ya kumwachia mtu kwa maelekezo ya haraka mlangoni: lazima anywe maji mengi, asipigwe na baridi, alale ndani ya chandarua kila usiku, anywe dawa zake kila siku, na mtu awe karibu wa kuitambua homa au maumivu yanapoanza kabla hayajawa makubwa.

Nilikuwa mhazini wa kikundi cha akiba na mikopo cha watu 22. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti ili mmoja asiweze kulifungua peke yake, kwa hiyo hakuna aliyelivunja. Nilichofanya ni kupokea marejesho ya mikopo ya wanachama watano kabla ya siku ya mkutano, jambo ambalo kanuni zetu zilikataza, kisha nisiyafikishe sandukuni. Mtoto alikuwa amezidiwa, nililipia gari, dawa na kitanda katika hospitali ya binafsi, na nikajiambia kwamba nitarudisha nikimaliza kushona sare za shule za muhula uliofuata. Jumla ilikuwa shilingi 640,000. Sare hazikulipwa kwa wakati, mwezi ukapita, nikaandika uongo katika daftari la kikundi ili kuficha pengo, na uongo huo ndio uliowakasirisha wanachama kuliko fedha zenyewe. Ninaueleza wazi kwa sababu msomaji anaweza kudhani kwamba ugonjwa wa mtoto unafuta kosa. Fedha zile zilikuwa za watu wenye watoto wao, na nitalirudia jambo hili huko mbele.

Nilikamatwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, nikiwa kibandani. Askari waliokuja hawakunipiga wala kunitukana. Waliniambia tu nifunge duka. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Nilipaswa kusema mara moja, na kwa sauti, kwamba nina watoto watatu nyumbani, mmoja mgonjwa, na kwamba hakuna mtu mzima mwingine, kisha niombe hilo liandikwe na niruhusiwe kupiga simu. Polisi ya Uganda ina kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, na ipo simu ya bure ya watoto, 116, ambayo mtu yeyote anaweza kuipiga. Sikuyasema wala sikuyauliza. Niliogopa kwamba nikisema watoto wako peke yao, watachukuliwa na kupelekwa kwenye makao, na nikaona heri wabaki gizani kuliko wajulikane. Binti yangu alipika uji, akafunga mlango kwa kiti, na hakulala. Asubuhi jirani yetu mzee, ambaye watoto wote wa ua wetu humwita Jaja, aliona mlango haufunguliwi, akagonga mpaka wakamfungulia.

Kosa la pili lilikuwa la fedha. Bondi ya polisi, yaani kuachiwa na polisi kwa ahadi ya kurudi ukiitwa, haina malipo, na katika vituo vingi maneno hayo yameandikwa ukutani, lakini ndugu yangu alikutana na mtu nje ya kituo aliyemwambia kwamba anaweza "kuiharakisha karatasi", akampa shilingi 100,000 na hakumwona tena. Katiba inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 48. Wikendi iliingia katikati, nami nikakaa hadi Jumatatu asubuhi. Kosa la tatu nililifanya kwa kumsikiliza mwenzangu wa mahabusu, aliyenishauri nikane kila kitu. Nilikana. Na kwa kuwa sikuwa na mdhamini hata mmoja aliyekuwa kortini na barua mkononi, nikapelekwa rimandi.

Niongeze neno kuhusu lugha, kwa kuwa liliniponza zaidi ya nilivyojua siku ile. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha kupokea vipimo vya suruali. Mkalimani alikuwepo, lakini alitafsiri kwa Luganda, ambayo ninaisikia kwa taabu, na niliona haya kumsumbua. Katiba inampa mshtakiwa haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya korti. Asiyeelewa aseme haelewi, hata kama watu wanaguna nyuma yake. Swali la hakimu kuhusu dhamana ndilo lililokuwa nafasi yangu ya kwanza ya kuwataja watoto, na nusu yake ilinipita kwa sababu nilijifanya nimesikia.

Nilikaa rimandi siku 23. Sitaeleza mengi kuhusu humo ndani, kwa maana wengi wamekwisha kueleza: msongamano, chakula cha namna moja, usingizi wa upande mmoja. Kilichonitesa zaidi kilikuwa saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo nyumbani huamka kumpa mdogo maji na dawa. Niliamka saa hiyo kila siku bila kuamshwa, nikakaa nimeegemea ukuta nikihesabu vidonge vilivyobaki katika kopo ambalo sikuweza kuliona. Siku ya tisa Jaja alimbeba mtoto hadi kituo cha afya akilia kwa maumivu ya miguu. Binti yangu alikuwa ameacha kwenda shule ili kumtunza, akiwa darasa la saba, mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na hakumwambia mwalimu sababu kwa kuwa alidhani ni siri yetu.

Katika lori lililotupeleka kortini mara ya pili alikuwemo mama mmoja kijana na mtoto mchanga. Alikuwa akimnyonyesha huku gari likiyumba. Baadaye nilikuja kujua kwamba Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 inamruhusu mama kuingia gerezani na mtoto wake mchanga, na serikali kumpa mtoto huyo mahitaji yake hadi afikishe miezi 18, kisha akabidhiwe ndugu au mtu aliye tayari kumlea, na asipopatikana atafutiwe mahali pengine. Kule Luzira, katika gereza la wanawake, kuna hata kituo cha kulelea watoto hao mchana. Nilimhurumia yule mama kwa moyo wote, kwa sababu mtoto yule hakuwa na kosa lolote na alikuwa amelala chini ya paa lile lile letu. Hata hivyo niliona pia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mtoto wake alionekana. Kila askari alimwona, karani alimwona, hakimu alimsikia akilia. Baba haingii gerezani na mtoto mgongoni, na bibi anayelea wajukuu watano haingii nao, kwa hiyo watoto wao huachwa nje kimyakimya, wala hakuna anayeuliza.

Siku hiyo kesi yangu iliahirishwa kwa kuwa shahidi hakufika. Siku mbili baadaye alikuja gerezani msaidizi wa kisheria, mwanamke wa makamo, akatukusanya uani na kutueleza haki zetu kwa Kiswahili na Luganda. Alipomaliza nilimfuata nikamwambia kuhusu watoto. Hakushangaa wala hakunipa pole. Aliuliza swali moja: "Fundi, hao watoto wameandikwa wapi?" Nilipomwambia hawajaandikwa popote, alitoa kalamu.

Ni yeye aliyenieleza kwamba tangu mwaka 2000 Uganda ina Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayompa hakimu uwezo wa kumwamuru mkosaji afanye kazi ya manufaa kwa umma bila malipo badala ya kumfunga, iwapo kosa ni dogo, yaani lile ambalo korti ingeweza kulitolea kifungo kisichozidi miaka miwili. Amri hiyo haiwezi kuzidi miezi sita, kazi haiwezi kuzidi saa nane kwa siku, na hakimu hawezi kuitoa kabla hajamweleza mkosaji maana yake na mkosaji hajakubali. Alinieleza pia kwamba kuna njia nyingine, kama onyo, uangalizi wa ofisa wa probesheni, fidia na faini. Kuhusu faini alinitahadharisha, nami ninawatahadharisha wengine: mara nyingi faini huja na kifungo mgongoni mwake kwa asiyelipa, kwa hiyo mzazi maskini anayeomba "faini tu, mheshimiwa" bila kujua ni kiasi gani anaweza kukipata jioni hiyo hiyo, anaweza kujikuta amejiombea jela.

Jambo alilosisitiza zaidi lilinigusa kwa sababu lilikuwa gumu. Adhabu ya huduma kwa jamii ni ya mtu aliyepatikana na hatia, na njia fupi ya kuifikia ni kukiri. Mimi nilikuwa nimeiba na nikakana, kwa hiyo kukiri kwangu kulikuwa ni kurudi kwenye ukweli. Lakini asiyetenda kosa asikiri ili atoke haraka akawaone watoto, hata wakimlilia. Nimewajua wawili waliofanya hivyo, na rekodi ile imewafuata kila walipoomba kazi.

Mara ya tatu nilipofikishwa kortini, dada yangu alikuwa amekuja kutoka Mbale, na mwenye nyumba wangu alikubali kusimama naye. Kila mmoja alikuwa na kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji au mtaa, wa anakoishi, na mimi nilikuwa na barua ya mwenyekiti wa kwetu iliyosema kwamba ninakaa hapo tangu lini na ninaishi na watoto watatu bila mama. Nilinyoosha mkono, nikaomba kusema, nikaomba mkalimani wa Kiswahili. Dhamana ilitolewa kwa shilingi 200,000 taslimu. Fedha hizo hurudishwa kesi ikiisha, kwa hiyo ile risiti ya benki itunzwe kama cheti cha kuzaliwa. Mimi niliishona ndani ya pindo la pazia.

Nilipofika nyumbani mdogo alinificha uso. Wa kati hakuniachia shati hadi usiku. Binti yangu aliendelea kukoroga uji kama mtu asiyejua kwamba anaweza kuacha sasa, na nilipomnyang'anya mwiko ndipo alipolia.

Wiki sita za dhamana nilizitumia kwa mambo ambayo ningepaswa kuyaanza siku ya kwanza. Niliuza moja ya cherehani zangu mbili nikapeleka shilingi 250,000 kwa mwenyekiti wa kikundi, mbele ya mashahidi, kwa maandishi. Niliomba barua kwa mwalimu mkuu ikionyesha siku ambazo watoto walikosa shule na kuanzia lini. Niliomba kliniki iandike ratiba ya mtoto mgonjwa. Barua ya kusema "mtoto anaumwa" haitoshi. Iliyonisaidia ilisema anatakiwa kufika lini, anakunywa nini, na nini kinaweza kutokea akikosa. Kisha nikaandika kwa mkono wangu siku yetu ilivyo, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na pembeni ya kila kazi nikaandika ni nani angeifanya nisipokuwepo. Mistari mingi ilibaki mitupu, na utupu ule ulisema zaidi ya machozi yangu.

Katika kipindi hicho yule msaidizi wa kisheria alinisimulia kesi ya Afrika Kusini ambayo sijaisahau. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua rufaa ya mama aliyewalea peke yake wavulana watatu, aliyepatikana na hatia ya ulaghai na kuhukumiwa kifungo cha miaka minne. Jaji Albie Sachs na wenzake walio wengi waliona kwamba korti za chini hazikuwaangalia watoto ipasavyo. Mama yule alikuwa amekwisha kukaa gerezani miezi mitatu, na kifungo kilichobaki kikasitishwa kwa masharti ya kuwalipa aliowalaghai na kufanya huduma kwa jamii chini ya uangalizi. Korti haikusema kwamba mzazi hafungwi. Ilisema kwamba hakimu anayetaka kumfunga mtu anayelea watoto lazima kwanza ajue watapata malezi gani, na pale ambapo adhabu zaidi ya moja zinafaa, achague huku akiwatazama watoto. Uamuzi ule hauzifungi korti za Uganda. Lakini Uganda iliridhia mwaka 1994 Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao ibara yake ya 30 inataka adhabu isiyo ya kifungo ifikiriwe kwanza kwa mama mjamzito au mwenye watoto wadogo, na mwaka 2013 Kamati ya Wataalamu inayosimamia mkataba huo ilieleza kwamba ulinzi huo uwafikie pia watoto wa akina baba na walezi wengine wanaobeba malezi. Nilipoambiwa hilo nilihisi kwamba mtu fulani, mbali sana, alikuwa amewahi kuketi na kuwafikiria watoto kama wangu.

Siku ya kubadilisha jibu langu nilitetemeka. Nilikiri. Hakimu aliagiza ofisa wa huduma kwa jamii aandae ripoti, na ofisa huyo alikuja nyumbani bila kututangazia siku. Alikagua chandarua, akafungua kopo la dawa, akaongea na Jaja uani, akaongea na mwenyekiti wa LC, na akaongea na wanachama wa kikundi. Aliniuliza: ukifungwa, nani atawachukua watoto? Nilikuwa nimejiandaa kusema "hakuna". Dada yangu, aliyekuwa ameketi karibu, alinitazama, nikasema kweli: dada anaweza kuwachukua wawili wakubwa kwa muda, lakini ana nyumba ya chumba kimoja na hawezi kuacha genge lake ili kumhudumia mgonjwa. Ofisa aliandika hivyo. Ninaamini kwamba ukweli ule mdogo ndio uliofanya mengine yote niliyosema yaaminike, kwa sababu ofisa alikuwa amekwisha kumpigia dada simu siku mbili kabla, jambo ambalo sikulijua.

Mwendesha mashtaka alitaka kifungo, na sikumlaumu. Alisema kwamba nimeiba fedha za watu maskini walioniamini, na kwamba kila mwizi ana watoto. Kisha akauliza kwa nini mwanamume asiwapeleke watoto kwa ndugu za marehemu. Hakimu aliisoma ripoti kimya kwa muda mrefu. Alizungumza kuhusu miongozo ya adhabu ya mwaka 2013, inayomtaka mwenye kuhukumu kuyatazama majukumu ya mkosaji kwa wanaomtegemea kabla ya kuchagua kifungo, na akauliza kama ninakubali kufanya kazi bila malipo. Nikakubali. Amri ilikuwa miezi mitatu, siku tatu kwa wiki, saa nne kila siku, nikifyeka nyasi na kusafisha uwanja wa kituo cha afya, pamoja na kulipa shilingi 390,000 zilizobaki kwa awamu. Saa ziliwekwa asubuhi, baada ya watoto kwenda shule, kwa sababu ratiba ile niliyoiandika kwa mkono ilikuwa imebandikwa kwenye ripoti.

Wapo wanaosema kwamba hiyo si adhabu. Wateja wangu walinipita nikiwa nimeinama na fyekeo mkononi. Mwanamume mmoja niliyemshonea suti ya harusi aligeuza uso. Wiki ya kwanza nilivaa kofia hadi machoni, ya pili nikaivua. Jambo la hatari lilitokea wiki ya tano, mtoto alipolazwa siku mbili nami nikaenda naye bila kumtaarifu msimamizi wangu, nikidhani kwamba kila mtu ataelewa. Msimamizi aliandika kwamba sikufika. Anayekiuka amri anaweza kurudishwa kortini, na korti inaweza kuibadili amri, kumtoza faini au kuifuta na kumhukumu upya kwa kosa lake la awali. Niliokolewa na karatasi ya kulazwa niliyoipeleka siku ya tatu na kwa moyo wa msimamizi yule, lakini mtu asitegemee moyo wa msimamizi. Apige simu kabla ya saa ya kazi, aombe siku mbadala, na jambo hilo liandikwe katika daftari la mahudhurio na kutiwa sahihi.

Kuhusu wale niliowaibia, niliomba kuhudhuria mkutano wa kikundi ili niombe radhi, na wakanikubalia baada ya kunikatalia mara mbili. Mama mmoja alisimama. Marejesho yake yalikuwa miongoni mwa yale niliyoyala, na kwa sababu daftari lilimwonyesha kuwa hajalipa, alinyimwa mkopo aliokuwa ameutegemea kwa ada ya mtoto wake wa sekondari. Mtoto alikaa nyumbani nusu muhula. Mama yule naye ni mjane. Alisema, "Fundi, korti imewauliza watoto wako. Wa kwangu aliulizwa na nani?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Ninachojua ni kwamba kama ningefungwa, asingelipwa hata shilingi moja. Awamu yangu ya kwanza niliomba iende kwake yote, na wengine walikubali kungoja. Mzazi anayeomba kuhurumiwa kwa ajili ya watoto wake aende kwanza kuwatazama watoto wa aliyemkosea, na ofa ya malipo aliyo nayo iwe ya kweli, hata kama ni ndogo.

Gharama zote, nikijumlisha nauli, barua, simu, zile 100,000 zilizopotea na cherehani niliyoiuza chini ya bei, zilipita fedha nilizoiba. Binti yangu alikosa majaribio mawili, na tulikubaliana na shule arudie darasa la saba. Hilo sikuweza kulilipa kwa awamu. Fedha za dhamana zilirudi baada ya safari nne za kufuatilia, nikiwa na ile risiti kutoka kwenye pindo la pazia, na nilimlipa nazo Jaja alizotumia kwa dawa. Alikataa nusu.

Kitu kimoja tulichokianza wakati ule tumekiendeleza. Ukutani, juu ya kopo la dawa, kuna karatasi yenye ratiba ya mdogo, kiasi cha dawa, dalili za kukimbilia kituo cha afya, nambari za dada, za Jaja, za mwalimu mkuu na ile 116, na sahihi yangu chini, ikisema ni nani akae na watoto iwapo sitarudi jioni. Mwenyekiti wa LC ana nakala. Binti yangu ndiye anayeiandika upya mtu akibadili simu, na mara ya mwisho aliongeza mstari wake mwenyewe mwishoni, kwa kalamu nyekundu: mlango usifungwe kwa kiti, mwite Jaja.